Wanasema Alianguka

Kakuma, 21 Septemba 2025

Mjomba Lomorukai,

Ejok. Natumai barua hii imewakuta wewe na Mama Christine mkiwa wazima, na sikio lako la kushoto halijazidi kuwa baya. Nimeamua kuandika kwa sababu siku hizi simu na wewe ni kupigiana kelele tu. Juzi nilikuuliza habari ya mbuzi, ukanijibu habari ya mvua. Sicheki. Umesimama karibu na injini za ndege pale Lodwar tangu kabla mimi sijaanza shule, ni haki masikio yadai mapumziko.

Huku mvua hakuna, na vumbi tunalala nalo. Bibi Asekon alinitumia samaki wakavu kutoka Kataboi kwa mkono wa mtu aliyekuwa akipita. Niliwapika na ugali, nikamwita Lochakapong. Mwambie Mama Christine kwamba mwanawe bado anakula vizuri. Tangu tuwe pamoja kwenye kazi hii sijamwona akisaza.

Sasa nikuambie kilichotokea uwanjani Alhamisi.

Ndege ilikuwa ije kuchukua wakimbizi Wakongo waliokubaliwa kwenda ng'ambo. Walifika asubuhi na mapema wakiwa wamevaa nguo zao bora. Mimi, kama unavyojua, hukagua wanawake ndani ya kile kibanda cha mabati, na wanaume hukaguliwa nje na akina Lochakapong. Kulikuwa na mama mmoja, Élisabeth, na binti yake mdogo Liliane. Nilipompapasa yule mama mbavu akacheka. "Dada, mikono yako iko baridi hivi, na jua hii yote?" Kwenye mfuko wake nilikuta sufuria ndogo imefungwa kwa kitenge. Nikamwambia kule aendako sufuria zimejaa. Akasema, "Hii inajua mkono yangu." Nikairudisha.

Mume wake, Zéphyrin, ni fundi cherehani. Alikuwa ameshavaa koti la baridi alilojishonea, jasho linamtiririka hadi shingoni, na hakutaka kulivua.

Ndege ilitua. Haikuzima hata injini. Emanikor, mkuu wetu wa kituo, akapokea simu, akaenda kando, akarudi akasema safari imefutwa. Mtu mmoja akauliza ni hadi kesho? Akasema si leo, si kesho, yeye hajui. Ndege ikaondoka tupu.

Mjomba, watu hawa walikuwa wamegawa nyumba zao. Walikuwa wamerudisha kadi za chakula. Hawakuwa na pa kurudi, kwa hiyo hawakurudi. Walikaa pale pale chini. Tukaamriwa tuwatoe uwanjani.

Tukawatoa. Wewe umefanya kazi hii, unajua neno hilo limebeba nini. Kukawa na purukushani, na Zéphyrin akaumia kichwani. Alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Jioni Emanikor alituita mmoja mmoja, akatuambia kwamba yule mwanamume aliteleza kwenye changarawe akaanguka. Wenzangu waliitikia. Mimi sikuitikia wala sikukataa. Niliomba ruhusa niende kunywa maji.

Uliponileta kwenye kazi hii uliniambia kwamba mlinzi huona kwanza, kusema ni baadaye. Nilitaka kukuuliza, hiyo baadaye huwa ni lini?

Lochakapong ameomba likizo na atakuja kwenu wiki hii. Mpokeeni, msimuulize mengi. Amechoka.

Mpwa wako,
Akai

*

Lodwar, 12 Oktoba 2025

Kwa Akai, mtoto wa dada yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo. Sisi tu wazima. Barua yako ilichelewa kwa sababu kondakta wa basi alisinzia akapita nayo hadi Kitale, ikarudi na mtu wa mboga ikinuka kabichi. Mama Christine anakusalimu sana. Anaendelea na kusuka vikapu, na padri amemweka tena mbele kwenye kwaya, kwa hiyo nyumba nzima tunaimbishwa. Mimi nikiimba ananiambia ninaimba wimbo mwingine.

Mbuzi wawili wamekufa kwa njaa ya majani. Waliobaki nimewapeleka kwa binamu yangu upande wa mto.

Habari ya sikio langu usimwambie mtu kazini, hata Emanikor. Nimejifunza kutazama midomo. Wiki iliyopita mheshimiwa mmoja alikataa kuvua mshipi, akanisemesha maneno marefu mbele ya watu wake. Nilimtazama mdomo, nikamwambia, "Asante, mheshimiwa, weka na simu pia." Watu wakacheka, akavua. Mpaka leo sijui alinitukana nini.

Nimesoma uliyoniandikia. Ulifanya vizuri kutosema zaidi ya lazima. Uwanja wa ndege si kanisa wala si baraza. Amri hutoka juu, sisi huishika mwisho wake, pale panapokata. Mkuu wako akisema mtu alianguka, basi alianguka. Changarawe ya Kakuma ninaijua, inateleza. Wewe fanya kazi yako, ficha nywele zako chini ya kofia, usikae na wale watu muda mrefu.

Lochakapong alifika. Alilala siku nyingi kama mtu mwenye malaria. Sasa yuko Kataboi, anamsaidia bibi yenu mambo ya nyavu. Hakusema kitu nami sikumuuliza.

Huyo mgonjwa anaendeleaje?

Mjomba wako,
Lomorukai

*

Kakuma, 3 Novemba 2025

Mjomba,

Ejok, na salamu kwa Mama Christine na kwaya yake. Hapa kuna homa kidogo lakini ninasimama. Mvua ilinyesha siku moja, ikabeba choo cha jirani, ikaondoka.

Uliuliza habari ya mgonjwa. Zéphyrin amefariki. Hakuamka kabisa. Tulimzika katikati ya mwezi uliopita.

Nimeandika "tulimzika" kwa sababu nilikwenda. Najua uliniambia nisikae nao. Sikuvaa yunifomu, nilivaa leso ya Bibi, nikasimama nyuma na wanawake. Koti lile walimlaza nalo. Wale Wakongo wana nyimbo zinazomfanya mtu apungukiwe na pumzi. Élisabeth hakulia. Alikuwa akiwatazama watu usoni mmoja baada ya mwingine, kama sisi tunavyowatazama abiria, mpaka akanifikia.

Tangu siku hiyo huja kwenye ua wa uwanja, anakaa upande wa nje na Liliane. Hafanyi fujo. Ana kibanda alichopewa na watu wa kanisa lake, na chakula anakula kwa majirani, ambao nao wamepunguziwa. Emanikor ameniamuru nimwondoe kwa kuwa ni mwanamke. Nimekwenda mara nyingi kumwondoa, na mara nyingi nimeishia kuketi.

Jana aliniuliza. Alisema, "Dada, ulikuwa hapo. Banasema alianguka. Bwana yangu alianguka?"

Nikamwambia ngoja nimletee mtoto maji.

Nilikwenda, nikajaza chupa, nikaileta. Akaipokea, akampa mtoto, akasema asante. Hakuniuliza tena. Mjomba, ingekuwa afadhali angenipiga kofi.

Likizo ya Lochakapong imeisha zamani. Ajabu ni kwamba Emanikor haulizi yuko wapi, wala jina lake halitajwi tunapopangwa zamu asubuhi. Atarudi lini? Mko naye kweli?

Akai

*

Lodwar, 7 Desemba 2025

Akai mpwa wangu,

Amani ya majira haya ya kumngoja Bwana iwe nawe. Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na kazi nyingi, na karatasi ilikuwa juu ya meza kila siku, ila mkono haukutaka.

Mama Christine ana presha. Bibi yako Asekon ni mzima, bado anabishana na wavuvi kuhusu bei ya samaki. Lochakapong ameacha ulinzi. Anavua. Tuyaache hayo.

Mwaka unakwisha, na mimi kama mzee wa kazi nimeagizwa na wakubwa wa kampuni niutazame mwaka mzima, kituo cha Lodwar na kituo cha Kakuma, niwaandikie tumekuwaje na tunakwendaje. Hakuna mwaka ulionipa uzito kama huu. Mashirika yamekunja mikeka. Ndege zilizokuwa zikija zimejaa sasa zinakuja na watu wanaohesabu viti vitupu. Vijana wazuri niliowafundisha mwenyewe kupekua mzigo bila kumwaibisha mwenye mzigo wamerudishwa nyumbani, na mmoja nilimwona sokoni akiuza makaa akiwa bado amevaa buti za kazi. Tulikamata visu, tulikamata risasi moja ndani ya soksi ya mtu aliyesema haijui, tuliwafukuza punda kwenye njia ya ndege kiasi kwamba sasa wananifahamu. Hakuna ndege iliyodhurika. Hayo nimeyaandika kwa urahisi.

Mkataba wetu unaisha pamoja na mwaka. Utafanywa upya au hautafanywa, na wakubwa wananiambia waziwazi kwamba itategemea kama Kakuma ni safi. Watu wanaotetea wakimbizi wameandika malalamiko. Polisi watakuja huko kabla ya Krismasi kuuliza juu ya yule marehemu. Wenzako wote wameshasema alianguka. Umebaki wewe.

Akai, sijawahi kukuomba kitu. Mama yako alipokufa nilikubeba mabegani kutoka Kataboi, umelala, mate yako yakiniteremkia shingoni, na sikukuona mzigo. Ulipofika darasa la nane niliuza ngamia na watu wakanicheka, eti ngamia kwa msichana. Sikuambii haya ili unilipe. Ninakuambia ili ujue ni nani anayekuomba. Waambie aliteleza. Yule mtu amekwisha kufa, neno lako halitamwinua. Lakini neno lako linaweza kuangusha nyumba nyingi zinazokula kwa kazi hii, na yako imo, na yangu imo.

Nisaidie tuufunge mwaka huu.

Mjomba wako anayekupenda,
Lomorukai

*

Kakuma, 16 Desemba 2025

Mjomba wangu,

Ejok. Ninakusalimu, ninamsalimu Mama Christine, na ninamwombea presha ishuke. Mimi sijambo mwilini.

Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuchanika. Yote uliyosema ni kweli. Ngamia ni kweli, na mabega ni kweli. Na kama si wewe ningekuwa nimeolewa nikiwa mtoto. Kwa hiyo nitakueleza nilichokiona, wewe kwanza kabla ya mtu mwingine.

Watu walipokataa kuondoka, Zéphyrin alishika kamba iliyokuwa imefungwa kwenye vigingi njiani mwa abiria. Alikuwa analia na kupiga kelele kwa Kifaransa. Hilo ni kweli, na kama angepigwa wakati ule ningeweza kusema kulikuwa na vurugu. Lakini aliiachia. Mke wake alimwambia aiache, akaiacha, akaenda akaketi juu ya begi lake. Alikuwa ameketi, Mjomba. Lochakapong akaja na rungu, akamwambia inuka. Zéphyrin akasema, "Tumechoka, mutoto yangu. Utupatie dakika."

Lochakapong akampiga kichwani. Zéphyrin akainama mbele, hakuinua mkono wala nini. Lochakapong akampiga tena.

Nilikuwa mlangoni pa kibanda. Ningeweza kukimbia kati ya pigo la kwanza na la pili. Ninaipima nafasi hiyo kila siku, na kila siku ninaiona inatosha.

Baadaye Lochakapong alinifuata nyuma ya kibanda akatapika. Alisema, "Akai, sijui kwa nini. Aliniita mtoto wake, nikasikia hasira." Nilimfuta mdomo kwa kitambaa changu. Ni ndugu yangu. Tumekula sahani moja tangu sijui kujifunga viatu. Nilimwambia aombe likizo aje kwenu, na nikakuandikia usimuulize mengi, kwa sababu niliogopa atakuambia, na nikaogopa zaidi kwamba ni mimi nitakayekuambia.

Lakini wewe ulijua. Nilijua unajua ulipoandika "tuyaache hayo." Mimi nimekuficha kwa sababu ulinilea, na wewe umenificha kwa sababu Lochakapong ni mwanao, na miezi yote hii tumekuwa tukisalimiana juu ya mtu yule yule aliyekufa.

Polisi wanakuja Jumatatu. Nitawaambia alikuwa ameketi. Sikuombi ruhusa, kwa sababu ukininyima nitakosa nguvu. Nimeandika tu usije ukasikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Uliniambia umeagizwa kuutazama mwaka unapoisha. Nami nimejaribu kuutazama huu. Najua nitapoteza kazi. Najua Mama Christine hatanifungulia mlango. Yaliyo mbele siyaoni vizuri, ila naona siwezi kuuvuka mwaka nikiwa nimembeba Élisabeth na chupa ile ya maji.

Nisamehe kama utaweza. Kama hutaweza, mtunze Lochakapong, mwambie sikusema kwa chuki.

Akai

*

Lodwar, 14 Januari 2026

Kwa Akai,

Nakusalimu katika mwaka huu mpya. Sisi tunaishi. Mama Christine analala upande wa pili wa nyumba tangu Krismasi, lakini presha imeshuka. Mbuzi mmoja wa binamu amezaa pacha.

Barua yako ilinifikia siku ya mkesha wa Krismasi, na kufikia hapo ulikuwa umeshasema. Mtu wa kampuni alinipigia simu, nikampa Mama Christine anisikilizie, kwa hiyo ni yeye aliyepokea habari akaniandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu: AKAI AMESEMA NI MWANETU. Alinionyesha kiganja, kisha akakikunja.

Sitakuficha tena kitu. Nilisema mbele ya watu kwamba sina mpwa. Nilisema nilibeba nyoka. Usiku sikulala, na asubuhi ya Krismasi sikwenda kanisani. Na hili ulijue pia: nilikuwa nimeshapanga na dereva wa lori, kwamba Mwaka Mpya ukipita atamchukua Lochakapong ampeleke Lokichoggio, kisha wavuke mpaka pale Nadapal, akajifiche upande wa pili mpaka mambo yapoe. Alikuwa ameniambia yote siku ile ile alipofika kutoka Kakuma, akiwa amepiga magoti mbele ya mama yake. Nilikuandikia kwamba hakusema kitu. Ulikuwa uongo.

Baada ya Krismasi nilikuja Kakuma. Sikukuambia, sikutaka kukuona. Nilitaka kumwona yule mwanamke. Kwa desturi yetu damu ya mtu ina njia yake: mwenye mkosaji huenda na mifugo, wazee hukaa, watu huendelea kuishi. Nilifikiri nikiwahi hilo, ya polisi yatalegea. Nilivaa koti langu la kanisani. Nikaulizia, nikaonyeshwa kibanda.

Alikuwa anachambua maharage mlangoni, mtoto pembeni. Nikajitambulisha kwamba ninatoka Lodwar na ni mzazi wa kijana aliyekuwa uwanjani. Akasema kitu. Sikusikia. Nikamwambia tumekuja kwa heshima, tunataka kutoa mbuzi, hata ng'ombe, kwa ajili yake na mtoto. Akasema tena kitu. Nilitazama mdomo wake, lakini Kiswahili chao kina midomo mingine, sikukishika. Nikamwambia, "Mama, sema kwa nguvu. Mimi sisikii."

Akasimama. Maharage yakamwagika. Akapiga kelele, na hizo nilizisikia.

"Mbuzi nitafunga wapi, baba? Nyumba tulipatia batu!"

Nikadhani amekwisha, lakini alikuja karibu hadi pumzi yake ikanigusa.

"Mutoto yako aliua bwana yangu! Alikuwa amekaa! Unasikia sasa? Alikuwa amekaa chini!"

Watu walitoka kwenye milango yao. Mtoto alikuwa ameziba masikio kwa mikono. Nami nikaona nimefanya nini: nimetoka Lodwar kuja kumlazimisha mjane autangaze msiba wake kwa kelele mbele ya mtaa mzima. Niliinama nikaanza kuokota maharage kwenye mchanga, na yeye akaniacha niokote. Yule mtoto akaja akaokota pamoja nami. Nilipomaliza niliyaweka kwenye ungo, nikaondoka.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Kataboi. Lochakapong alikuwa ufukweni anatengeneza wavu. Aliponiona alisimama.

"Lori limepatikana?" Alijua ninasoma midomo, akasema polepole.

"Hakuna lori."

"Basi tunakwenda wapi?"

"Lodwar. Kwa polisi."

Halafu akauweka wavu chini vizuri, akachukua shati lake. Akasema, "Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja mapema."

Mama yangu Asekon alituzuia njiani. Alinishika koti akaniuliza kama nimekuwa askari wa watu wengine. Lochakapong ndiye aliyemfungua vidole kimoja kimoja, akamwambia, "Niache, Bibi. Huku sipati usingizi." Tulipanda gari la samaki, tukakaa nyuma pamoja, na njia nzima bega lake lilikuwa juu ya bega langu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Nilimwambia ainue kola, upepo una mchanga.

Pale kituoni afisa alimwandika jina, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni baba. Akaniuliza tena, nadhani hakuamini. Nikasema ni baba yake, nimemleta mwenyewe. Wakamchukua kwa ndani. Alitaka kunigeukia, askari akamsukuma bega kidogo, si kwa ubaya, jinsi sisi tunavyowasukuma abiria wapite. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, Akai.

Kesi itatajwa mwezi wa tatu. Wakubwa wa kampuni niliwaandikia kwamba mwaka uliopita, katika kituo cha Kakuma, mlinzi wetu alimuua mtu aliyekuwa ameketi, na kwamba mlinzi huyo ni mwanangu na kazi hiyo nilimpa mimi. Hawakunijibu. Mkataba wamepewa watu wengine, kijana mmoja aliyenyooka amekuja, nimemkabidhi funguo na redio. Nimesikia na wewe wamekuondoa, na Emanikor wamemhamisha tu. Sikushangaa. Nimesikia pia kwamba Élisabeth ameambiwa aanze maombi yake ya safari upya kabisa, kwa sababu mkuu wa familia kwenye maombi yale alikuwa mumewe. Kama ni kweli, mweleze vizuri ataanzia wapi, wewe unajua ofisi. Usitaje jina langu.

Mwaka ulio mbele siwezi kuusemea. Sina kazi, mwanangu yuko ndani, mke wangu hunipa chakula bila kunitazama. Jana aliniuliza swali moja tu, kama huko ndani wanampa blanketi. Nikamwambia nitampelekea. Akaleta lile letu.

Wewe ni mpwa wangu. Nililolisema mbele ya watu nimelifuta mbele ya watu wale wale. Nyumba hii ni yenu, wewe na ndugu yako, na utakuja tena ule hapa. Lakini usije mwezi huu, wala ujao. Mama Christine alikulea kwa mikono yake, na bado hajapata uso wa kukutazama nao. Mngojee.

Mjomba wako,
Lomorukai